Simu Iliyoita Ng'ombe

Nakumbuka jioni moja kule Nyabusozi, mwanangu, ambayo nikiisimulia hata leo nywele hunisimama. Wewe unaandika programu za simu na kuzikompaili, yaani kuzigeuza lugha ambayo mashine inaielewa, nami nafurahi, ila kaa kidogo unisikilize.

Nilikuwa nimetoka chuo, miguu haigusi chini. Baba mkubwa, aliyehamia Nyabusozi kutoka Bugarama akitafuta malisho, alikuwa na ng'ombe wanaoijua sauti yake tu. Jua likielekea kuzama aliwaita kwa majina, Bihogo, Gaju na wenzao, nao walirudi wenyewe zizini. Kifua kilipoanza kumsumbua, nikamrekodi akiwaita. Nikaandika programu ndogo, nikaikompaili mpaka simu ikaikubali, tukaifunga simu na spika yake kwenye nguzo ya zizi. Jioni ikifika, simu inawaita ng'ombe kwa sauti yake. Na kwa kuwa watoto wa pale walipenda kuchezea simu, niliipanga hivi: mtu akiifunga programu, ijifungue yenyewe. Nilijiona fundi kweli kweli. Wahenga walishasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, lakini mimi methali nilidhani ni za wazee.

Baba mkubwa akafariki. Tulimzika pembeni ya migomba. Kwetu, mwenye ng'ombe akifa, mrithi huchukua fimbo ya marehemu, akasimama mlangoni pa zizi na kuwaita ng'ombe kwa sauti yake, wajue mchungaji wao sasa ni nani. Mrithi alikuwa Festo, mwanawe. Kabla hajafungua kinywa, spika ikaanza.

"Bihogo. Gaju. Njooni, giza linaingia."

Kisha ikakohoa, kikohozi chake kilekile, ambacho kwa uvivu wangu sikukikata kwenye rekodi. Ng'ombe wakaja, lakini hawakuingia zizini. Walisimama kwenye migomba wakilitazama kaburi bichi. Na ndani ya nyumba mama mkubwa, mjane, akaitika kwamba anakuja, akatoka peku.

Festo akaifunga programu. Kesho yake jioni ikaita tena. Mama mkubwa akaishusha simu pamoja na spika yake, akawa analala nayo kifuani. Hali, hanywi, anasubiri jioni ifike aitike. Ng'ombe nao wakakataa kumsikiliza Festo. Tuliogopa kwamba tutamzika na mama mkubwa, nami niliogopa kuliko wote, maana sauti ile niliiweka mimi.

Shangazi, dada wa marehemu, akaniita uani. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akaniambia, "Umeifundisha kuita. Kunyamaza umeifundisha lini?"

Nikafungua kompyuta palepale matangani, nikaandika kitufe cha kuizima, kile nilichopaswa kuanza nacho, nikaikompaili upya. Kisha nikapiga magoti mbele ya mama mkubwa, nikamwomba simu. Sikumnyang'anya. Niliweka programu mpya, nikamrudishia na kumwonyesha kitufe. Akakitazama mpaka jua likashuka. Sauti ilipoanza kumwita Bihogo, akakibonyeza mwenyewe.

Kimya kile, mwanangu, kilitisha kuliko sauti. Ng'ombe walisimama malishoni, masikio juu, wakisubiri. Festo akaita. Muda ukapita, ndipo wakaja polepole, wakaingia zizini.

Mama mkubwa akasema, "Sasa amekufa." Akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na jioni ile akala.

Basi nakuusia: ukitengeneza kitu cha kuwekwa mikononi mwa watu, anza na namna ya kukizima, na kitufe hicho umpe yule ambaye kitu chenyewe kinaweza kumuumiza. Kabla hujakikompaili, jiulize ni nani atakayekinyamazisha siku mwenye nacho hayupo. Usione aibu kuwauliza wazee. Hawajui kuandika programu, lakini wamezika watu wengi. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe maisha marefu, na siku utakapoondoka, uwapendao wakulilie, kisha wapate usingizi.