Wanataka Kumvua Binti Yangu Jina, Eti Ndilo Lenye Sukari

Admin, jina langu lifiche, ila hasira zangu ziache kama zilivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, fundi cherehani, naishi Butimba hapa Mwanza na mume wangu na watoto wetu. Ninayemleta kwenu ni binti yetu wa kwanza, ana miaka kumi na tatu.

Kwa kina mume wangu, mtoto akipewa jina la bibi, basi huyo ndiye bibi. Binti yangu alipewa jina la marehemu mama mkwe. Tangu anatambaa, wanaume wazima wenye ndevu wanamwamkia shikamoo, naye kafundishwa kuitikia marahaba. Zamani nilikuwa nacheka. Sikujua kwamba heshima yenyewe wanaipimia kwenye sahani. Kumkatalia huyu mtoto chakula ni kumnyima mama yao, kwa hiyo hakataliwi kitu. Akienda likizo kwa wifi yangu Buswelu, asubuhi chapati na soda, mchana wali na kichwa cha samaki sato kwa sababu kichwa ni cha mkubwa, jioni soda tena. Nikisema jamani inatosha, wifi ananitolea macho: "Mama ulimnyima akiwa hai, unataka kumnyima tena?"

Huyo mama mkwe alipougua sukari nilimuuguza mimi. Wifi alikuwa anakuja Jumapili, analia kwa sauti majirani wasikie, anaondoka.

Wifi mwenyewe anauza samaki Mwaloni, pale Kirumba. Amepata vihela, basi anadhani amepata na akili. Kila likizo anapiga picha na mtoto, anaweka status: "Mama yetu amenawiri." Kunawiri! Mtoto yuko darasa la sita, sketi ya sare namshonea kwa kipimo cha kiuno cha mwalimu wake.

Mwaka jana shingo yake ikaanza kuwa nyeusi, ngozi nene. Wifi akatangaza kuwa ni uchafu, kwamba mimi mtoto simwogeshi. Alimsugua kwa dodoki mpaka akachubuka. Mtoto alipolia, akabembelezwa kwa soda.

Baadaye akaanza kunywa maji hayamtoshi na kwenda chooni kila mara. Nikampeleka hospitali. Sukari, aina ya pili. Daktari aliongea na mimi taratibu: "Mama, hii tulizoea kuikuta kwa watu wazima. Kwenye damu ya ukoo wenu ipo, ni kweli, lakini uzito ndio umeiwahisha. Atameza vidonge, ila chakula kibadilike kwa nyumba nzima, siyo kwake peke yake, na acheze, atembee. Akifuata haya anaweza kuishi vizuri tu." Akanionyesha na ile shingo, kwamba ilikuwa dalili.

Mume wangu akaitisha kikao cha ndugu zake. Katika maneno yote ya daktari walisikia neno moja tu, damu. Wifi akapiga makofi: "Si mnaona! Ni sukari ya mama, kaja nayo! Mtoto hana shida, jina ndilo lina ugonjwa!" Wakapatana kwamba Jumamosi hii wamvue jina, apewe la shangazi yao mmoja aliyezeeka bila kuumwa. Akishalipokea, vidonge viachwe, maana "mtu mpya hanywi dawa za marehemu." Ndivyo alivyosema wifi, na watu wazima waliokwenda shule, wenye simu kubwa mikononi, wakaitikia kwa vichwa. Sikuamini kama nimeolewa kwenye kundi la namna hii.

Na sherehe itakuwepo. Mbuzi, pilau, kreti za soda. Wanakwenda kufukuza sukari kwa soda! Nilipouliza mtoto atakula nini siku hiyo, baba mdogo wake mmoja akanijibu huku anachokonoa meno, "Siku moja haiui, shemeji."

Mume wangu nimweleze vipi? Mbele ya dada yake ni ukuta uliopakwa chokaa. Nyumbani anakubaliana na daktari, akipita Kirumba anarudi na maneno ya dada yake mdomoni. Juzi kaniambia, "Usipomleta Jumamosi namchukua mwenyewe, na wewe utajua pa kwenda." Jitu zima, linatumwa.

Hayo yote ningeyamudu, kwa mdomo wangu huu. Kilichonileta hapa ni cha jana. Binti alikuwa ananisaidia kukata nyuzi kwenye sare za wateja. Nikamwambia haendi kokote, nikamtukana shangazi yake, nikasema wamemharibu kwa ujinga wao. Akaweka mkasi chini.

"Mama, mimi nataka kwenda."

"Kwenda kufanya nini kwa watu wale?"

"Kule wananifurahia. Wewe kila siku unasema wameniharibu. Sasa aliyeharibika si mimi?"

Nikanyoosha mkono nimshike, akasogea mbali. Nimeumia, sijawahi kuumia hivi.

Msiniambie nimheshimu wifi, mtapoteza muda wenu. Vidonge haviachwi, na hilo siliulizi. Ninyi mliolea, nishaurini hili moja tu: namzuiaje mtoto asiende kwa watu wanaomuua huku wanamchekea, wakati mimi ninayehangaika apone ndiye anayeniona simpendi? Jumamosi ni kesho kutwa, na kuanzia jana hataki hata nimguse.