Bega la Kinyozi na Msemaji Wake

Shemeji yangu ni kinyozi, na dada yangu ni msemaji wake. Hakuna aliyemteua. Alijiteua mwenyewe siku walipooana, na mpaka leo ukimuuliza shemeji kama ameshakula, atageuka kwanza amtazame mkewe.

Mimi nanyolea kwenye kiti cha pili dukani kwetu, kile cha karibu na mlango, kwa hiyo niliona mapema kwamba bega lake la kulia limeanza mgomo. Asubuhi alifika vidole vimekufa ganzi, anavikung'uta kama vimelowa maji. Ikifika mchana mkono haupandi. Wa kwanza kuumia alikuwa mwalimu mkuu mmoja, aliyetoka pale na mstari wa paji la uso umepanda mlima upande mmoja. Wateja wetu wana haya, hawakusema neno. Walianza tu kuhamia kwangu mmoja mmoja, wakisingizia kwamba kiti changu kinapata upepo. Siwezi kudai kwamba nililia. Lakini jioni moja nilimkuta anafuta kiti chake ambacho hakikukaliwa na mtu kutwa nzima, akamaliza, akakifuta tena, na hapo roho iliniuma. Kunyoa ndiyo kazi pekee anayoijua, na ilikuwa inamtoka mkononi huku anaiona.

Basi wakaanza kuzunguka hospitali, wote wawili, maana msemaji habaki nyumbani. Picha ya mifupa ilitoka safi. Daktari mmoja alisema ni pingili za shingo, mwingine akasema ni misuli, mwingine akampa dawa ya kuchua iliyofukuza hata nzi dukani. Kila akirudi alikuwa na jina jipya la ugonjwa na maumivu yale yale.

Safari ya mwisho aliniomba niwasindikize. "Shemeji, twende wote," alininong'oneza wakati dada yuko mbali. "Ukiwepo wewe labda na mimi nitapata nafasi ya kusema."

Hakuipata. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani. "Baba, unaumwa wapi?"

"Begani," shemeji alisema.

"Na shingoni," dada akadakia. "Upande wa kushoto. Inaanzia chini ya sikio, inavuta mpaka mgongoni. Akitaka kumtazama mtu nyuma, anageuka mzima mzima."

"Geuza shingo, baba."

Shemeji akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, laini kabisa, kama bundi mwenye afya zake. Daktari akaweka kalamu chini.

"Leo imempumzisha," dada alisema.

"Na usiku?"

"Usiku ndiyo balaa, daktari. Ukilala tu, unajihisi kama umeegemea kona ya meza."

Daktari akahamishia macho kwake. Dada alikuwa ameshika shingo yake mwenyewe, anaiminya bila kujijua.

"Mama, hebu mtazame ndugu yako hapo nyuma."

Dada akanigeukia pamoja na kiti.

"Sasa naelewa," daktari alisema. "Wenzangu walikuwa wanamtafutia ugonjwa mtu mmoja, kumbe maumivu ni ya watu wawili. Kwa nini hukusema unaumwa?"

"Nilifikiri akipewa dawa, na mimi nitajipaka hiyo hiyo," dada alisema kwa aibu.

"Mnalalaje?"

Msemaji akaanza kutafuta kitu mkobani, na nakiri nilifurahi sana. Mimi jibu nililijua, kama ukoo mzima unavyolijua. Wale wawili tangu ujana wao hawajui kuombana radhi. Sheria ya nyumba yao ni kwamba kichwa cha dada kikiwa begani kwa mumewe, wamepatana. Kikiwa kwenye mto, kuna vita. Dada akituambia asubuhi, "Jana nimelalia mto," sote tunajua siku hiyo hatuna haja ya kupita kwao.

"Analala hapa," shemeji alisema, akaligusa bega. "Kila siku. Nilijua ndiko maumivu yanakotoka. Lakini nikimwambia asogee, atadhani nimemkasirikia."

"Na mimi nikihamia kwenye mto utadhani nimekununia," dada alisema. "Bega lenyewe mfupa mtupu. Nimevumilia mpaka shingo imekauka."

Daktari alivua miwani, akaifuta, nadhani ili apate pa kuficha kicheko. Kisha akawa hana utani tena. "Kila mtu na mto wake, kuanzia leo, na mazoezi nitakayowapa. Mkiendelea hivi, baba, mkono huu hautashika tena mashine ya kunyolea."

Shemeji aliutazama mkono wake. Dada naye aliutazama, na nikaona macho yamemjaa machozi, maana hakuna aliyekipenda kiti kile cha kinyozi kuliko yeye.

"Sasa nitajuaje kama umenikasirikia?" alimuuliza, kwa sauti ndogo ambayo mimi sikuwahi kuisikia kwake.

"Uniulize," shemeji alisema.

Dada akafungua mdomo ajijibu mwenyewe kwa niaba ya mumewe, kisha akaufunga. Akamgeukia mumewe, pamoja na kiti.

"Umenikasirikia?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, akanyamaza ajibiwe.