Pua ya Mehzabin, Mkaanga Bizari

Mehzabin hatulii. Katika duka lake la viungo mjini Bagamoyo, kabla mteja mmoja hajamaliza kupimiwa mdalasini, yeye ameshafunua pipa jingine, amechota, amenusa, amerudisha. Kunusa huko kulibaki mazoea tu tangu pua yake ilipozibwa na nyama zilizoota ndani. Hakusikia harufu yoyote.

Ufundi wake ni kukaanga bizari nyembamba kabla ya kuisaga. Mama yake alimfundisha kuiepua pale harufu inapogeuka, kabla haijawa chungu. Bila pua, aliunguza karai baada ya karai.

"Shoga, hii bizari au masizi?" aliuliza Ashura, mpishi wa pilau za harusi na mteja wake wa siku zote. "Wageni watadhani wameitwa matangani!"

Mehzabin alicheka, kisha akaenda kulia stoo. Siku iliyofuata alihamishia jiko mlangoni penye mwanga. Aliweka kando sahani nyeupe yenye punje zilizoiva sawasawa, awe anazilinganisha na zilizo kwenye karai. Rangi zikishafanana, anaepua. Bizari ikarudi kulika, ingawa Ashura alisema si ile ya zamani.

Bado aliitaka pua yake. Dawa za kupuliza hazikufaa, na daktari bingwa jijini Dar es Salaam akakubali kumpasua, ila baada ya kipimo cha CT-Scan.

Siku ya majibu, benchi la hospitali lilimshinda.

"Kaa basi, Mama Rehan," alisema mumewe, Abizer. "Umewachosha hata wagonjwa wenzako."

"Kaa wewe kwa niaba yangu."

Daktari, kijana wa rika la mwanawe, alimwamkia shikamoo, akamwonyesha picha kwenye kompyuta. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vya hewa, ndizo sainasi, na mpangilio wake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Chumba kimoja cha nyuma cha Mehzabin, upande wa kulia, kilikuwa kimetanuka hadi kuuzunguka mshipa wa fahamu wa jicho. Mfupa wa kuukinga mshipa huo haukuonekana.

"Nyama zimeingia hadi humo, mama. Nikizifuata, kosa dogo tu laweza kulipofusha jicho. Bila picha hii ningeingia nikidhani ni chumba kama vingine."

"Na ukiziacha?"

"Nitasafisha vya mbele. Harufu yaweza kurudi nusu. Yaweza isirudi."

Mehzabin alikwenda dirishani, akarudi. "Macho ninayo mawili, pua moja. Zitoe zote."

"Na siku hizi bizari unaikaanga kwa kipi, pua au jicho?" Abizer aliuliza.

Alikwenda tena dirishani. Safari hii alikawia.

"Cha nyuma kiache," alimwambia daktari.

Operesheni ilifanyika, jicho likabaki zima. Harufu ya karafuu imerudi. Ya pilipili manga huja na kupotea. Ya iliki bado, na kutwa nzima yeye hufunua pipa la iliki, akitumaini huenda leo itarudi.

Juzi Ashura alimkuta mbele ya karai. "Haya, unaisikia?"

Mehzabin aliinamia moshi, akavuta pumzi, akavuta tena. Kulikuwa na kitu, au alidhani kipo. Akaitazama sahani nyeupe, akaepua.