Kadi Ambayo Sikuituma

Kila siku alasiri mimi na wastaafu wenzangu tunakaa kwenye benchi nje ya duka la spea hapa Bombambili, Songea, tunailaani dunia. Tuna utaratibu wetu. Tunaanza na muziki wa siku hizi, ambao hauna gitaa. Tunahamia kwenye magari ya siku hizi, ambayo ukiyagusa kidogo yanabonyea kama sufuria. Tunamalizia na vijana, ambao tumewazaa sisi wenyewe, ila hilo hatulijadili. Ikipita bodaboda yenye spika chini ya kiti tunanyamaza mpaka iishe kelele, halafu tunaanza upya kwa hasira zaidi.

Enzi zetu, ukilisikiliza benchi, kila kitu kilikuwa kizuri. Tulivaa suruali za bugaluu zilizofagia barabara na viatu vya raizoni vilivyotuongezea urefu tulionyimwa na Mungu. Bendi ikija kutoka Dar, mpiga solo akianza ungeweza kutoka kununua karanga ukarudi ukamkuta bado anaendelea. Hatusemi kwamba miaka hiyohiyo tulipanga foleni ya sabuni, wala kwamba bugaluu ilikuwa moja kwa watu watatu na tuliivaa kwa zamu. Mambo ya namna hiyo yanaharibu mazungumzo.

Mimi pale kwenye benchi nina hadithi yangu moja maarufu, ya kadi ya salamu. Kwa wasiojua, zamani ulinunua kadi, ukaandika unayemsalimia na wimbo unaoutaka, ukaituma redioni Dar, kisha ukakaa wiki kadhaa ukisubiri isomwe. Basi mimi husimulia kwamba nilimtumia kadi binti mmoja, na kwamba salamu zilisomwa Jumapili mchana nikiwa naye ndani ya pikapu langu, vioo vimeshushwa, solo la gitaa likilia mpaka binti akatokwa na machozi. Huyo ndiye mke wangu hadi leo. "Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi," huwa namalizia, "siyo haya ya kutumiana vikatuni kwenye simu."

Sasa niseme ukweli. Pikapu lilikuwa la chama cha ushirika, na nililiendesha mara mbili tu, zote kwa kurudi nyuma ndani ya uwanja wa ghala. Na kadi sikuituma mimi.

Nilikuwa karani wa kupima tumbaku. Jirani na ghala aliishi mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Mbinga, na alikaa na mdogo wake wa kike. Kila Jumapili mchana nilikwenda kwao kusikiliza redio. Nilibeba betri mbili nilizozianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo, nikakaa kibarazani, nikaletewa uji. Kwa miezi minane sikumwambia yule binti neno lolote zaidi ya habari za hapa na asante kwa uji. Nilimpenda sana, na nilikuwa mwoga.

Jumapili moja mtangazaji akasoma salamu zinazomwendea binti anayekaa kwa mwalimu, jirani na ghala la tumbaku, Songea, kutoka kwa ampendaye ambaye hataki kutajwa. Mwalimu akanitazama. "Ni wewe?" akauliza. Uji ulinipalia, nikakohoa. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, mwalimu alikuwa anatabasamu na binti alikuwa amekimbilia jikoni. Wiki iliyofuata nikapeleka barua ya posa.

Kwa hiyo mimi nilioa kwa kikohozi. Ila aliyeandika kadi alikuwepo mahali fulani, na nilimjua, au nilidhani namjua. Alikuwa dereva wa lori la tumbaku, kijana mwenye masharubu na raizoni zake mwenyewe, aliyefika Dar kila mwezi. Nilimnunia. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa alituletea mchele kutoka safarini, nikaula kwa kinyongo. Mke wangu akianza kuuimba ule wimbo wa kadi jikoni, nilitoka nje kuangalia kuku. Niliogopa jambo moja tu, kwamba mke wangu aliolewa na kadi, siyo na mimi, na kwamba siku akimjua mwenye kadi ataona amepika miaka arobaini kwenye nyumba isiyo yake.

Dereva naye amestaafu. Tunakaa naye benchi moja. Mwezi uliopita, nilipokuwa nasimulia hadithi yangu na nimefika kwenye vioo vya pikapu, akauliza taratibu, "Karani, ulisema Jumapili mchana? Mbona Jumapili mchana magari yalikuwa yanazuiwa kutembea, mafuta hamna? Mimi lori nililala nalo ghalani."

Benchi lote likageuka kunitazama. Nilisema nilikuwa na kibali. Alitikisa kichwa na kucheka chinichini, na usiku ule sikupata usingizi.

Kama hiyo haitoshi, binti yetu anayefundisha Namtumbo akatuandalia zawadi ya kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Alituombea nafasi kwenye redio ya hapa mjini, kipindi cha zilipendwa, Jumapili, baba na mama waje studio wasimulie habari ya kadi. Wasikilizaji wangepiga simu. Nilipolitangaza benchini, kwa sababu sikuweza kujizuia kulitangaza, dereva akasema, "Nitapiga. Nina jambo langu."

Jumapili ikafika. Nilivaa koti la harusi, ambalo siku hizi halifungi, tukapanda bajaji. Pale nje ya studio tulikaa kwenye viti vya plastiki kusubiri. Mke wangu alikuwa anajitengeneza kilemba. Nikaona ni afadhali asikie ukweli kwangu kabla ya kuusikia hewani.

"Mama," nikasema, "ile kadi sikuituma mimi."

Akaendelea na kilemba. "Najua."

"Dereva amekwambia?"

"Dereva kaingiaje hapo?"

"Si ndiye aliyeituma?"

Akakiachia kilemba. Kisha akasema maneno fulani kwa Kimatengo cha kwao Mbinga, ambayo huyatumia mtu anapozidi ujinga. "Kumbe ndiyo maana mchele wa watu ulikuwa unaula kama dawa ya malaria! Dereva aliibeba tu kuipeleka Dar. Posta ya hapa wangenisoma mji mzima. Kadi niliiandika mimi, baba. Miezi minane mtu anakunywa uji, anasema asante, anaondoka na betri zake. Nikaona huyu atazeekea kibarazani kwa kaka yangu."

Nilijisikia mjinga, nikajisikia mwepesi, na nikamwonea huruma dereva, yote kwa pamoja. Kabla sijafungua mdomo tukaitwa ndani.

Mtangazaji alikuwa kijana mwenye adabu, akatuamkia shikamoo mara mbili kila mmoja. Akamuuliza mke wangu alijisikiaje aliposikia kadi ya mzee.

"Nilishangaa," akasema bila kupepesa macho. "Aliandika vizuri sana. Sikujua kama ana maneno mazuri vile."

"Vijana mnasikia?" mtangazaji akasema. "Enzi zile mapenzi yalikuwa ya kweli. Hakukuwa na usanii."

Nikatikisa kichwa kukubali, kwa uzito, kama ninavyofanya benchini. Simu ya kwanza ikaingia, na sauti niliijua.

"Karani," akasema dereva, "hongereni sana. Mimi sina swali. Naomba tu umtumie mama salamu sasa hivi, kwa mdomo wako mwenyewe, na sisi tusikie."

Koo likaniwasha. Mke wangu akaniinamia, akanong'ona, na kipaza sauti kikamnasa, "Safari hii usikohoe."

Nikasema, salamu ziende kwa binti aliyekuwa anakaa kwa mwalimu, jirani na ghala la tumbaku, zinatoka kwangu mimi karani, na asante kwa uji. Sikupata zaidi ya hapo. Mke wangu alitazama chini, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba alichokitengeneza kwa taabu.

"Na wimbo gani, mzee?" mtangazaji akauliza. "Uleule wa siku ile?"

Nilikuwa nimekohoa wimbo mzima siku ile, na miaka yote iliyofuata nilikuwa nje na kuku. Ikabidi mke wangu autaje. Ulipowekwa niliusikiliza kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya wangu. Ni wimbo mzuri. Gitaa halina solo hata moja.