Bata Wasio na Kazi

Nakumbuka asubuhi ile ya Julai, mwanangu Makena, kwa sababu ya upepo. Wewe umeolewa hapa mtaani Chechelesi juzi tu, kwa hiyo unadhani upepo wa mwaka huu ni mkali. Huu ni mtoto. Ule ulikuwa umepiga mabati usiku kucha, na kulipokucha nilijifunga leso mbili, nikatoka uani kuwapelekea bata chakula. Nilipofungua banda nilimkuta bata wangu mweupe, niliyempenda kuliko wote, amejikunyata kwenye kona. Mgongo wake ulikuwa wazi, hauna unyoya hata mmoja, na damu imegandia kwenye ngozi. Wenzake ndio waliomnyonyoa. Walikuwa wamesimama pembeni wakinitazama kwa upole, kama watu wanaotoka kanisani.

Jana uliniuliza kwa nini bata wako wameanza kunyonyoana manyoya, ilhali wanakula wanashiba na wanalala pakavu. Nilikujibu kwamba nitakuambia kesho. Ukamtupia mume wako jicho, nikaliona, ukidhani mama ameanza kusahau. Sikusahau. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, maana habari ya bata hao siwezi kuisimulia bila kumsimulia mama mkwe wangu.

Hukumwona. Tulimwita Ata, yaani nyanya kwa Kiturkana, na jina hilo lilimkaa baada ya mume wako Ekal kuzaliwa. Mimi nilitoka upande wa Meru, kwenye migomba na miraa, na mbuzi wetu tulimfunga kamba akala hapo hapo alipo. Ata alikuwa mtu wa nyika. Tangu utotoni alitembea nyuma ya mbuzi, akijua kila mmoja kwa rangi yake na kwa tabia yake. Kisha ukame ukawamaliza mbuzi, na mzee wake naye akafariki, na baba mkwe wako akaenda kumleta mjini. Alifika na blanketi, kibuyu na fimbo. Fimbo tuliisimamisha nyuma ya mlango kwa sababu hapa mjini hakukuwa na kitu cha kuchunga.

Nyumbani kwetu nilikuwa nimefunzwa kwamba mama wa mume hashiki kazi mahali ulipo wewe. Basi nilimheshimu kweli kweli. Akishika ufagio, naupokea. Akichukua kisu akate sukuma wiki, nakitoa mkononi mwake taratibu, namwekea kiti juani. "Keti, Ata, umechoka," namwambia, na wala hakuwa amechoka. Hata moto wa jikoni sikumwachia auchochee. Mama Halima, jirani yetu Mborana wa ng'ambo ya ua, alisema mbele ya watu kwamba angepata mke wa mtoto kama mimi angelala usingizi mzito. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Na Ata alikuwa anaisha huku nikisifiwa. Kwanza aliacha hadithi zake za jioni. Kisha chakula kikawa kinarudi nusu, halafu kinarudi kama kilivyoenda. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa, labda ni uzee. Baridi ya Julai ilipoingia aliacha kutoka nje, na kiti chake kikabaki peke yake uani. Baba mkwe wako alianza kurudi kazini mapema, anakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, kisha anaondoka. Sikuwahi kumwona mume wangu akiogopa kabla ya siku hizo. Tulijua tunampoteza mama, ila hatukujua ni nini kinachomwondoa.

Nao bata, kwa huruma ile ile, nilikuwa nimewafungia. Mama yangu ndiye aliyenipa mbegu yao, nikawafuga hapa hapa uani. Miezi ya joto walizurura wakichokonoa matope ya pale kwenye bomba la mtaa. Upepo ulipoanza niliwahurumia, nikaziba banda kwa magunia, nikatandika nyasi kavu, nikajaza chakula mpaka kikamwagika. Nilijiona nimefanya yote ambayo mtu anaweza kumfanyia bata.

Basi asubuhi hiyo nimemtoa yule mweupe, nimemkumbatia kifuani, wenzake wanapiga kelele. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Ata alikuwa amesimama hapo amejifunika blanketi, na siku zilikuwa zimepita sijamwona akitembea kwa miguu yake.

"Nani amefunga hii bata?" akaniuliza.

"Ni mimi, Ata. Kuna baridi."

"Inakula?"

"Inakula vizuri. Inashiba."

"Ikishiba inafanya nini?"

Sikulielewa swali. "Haifanyi kitu, Ata. Ni bata tu."

Akachungulia ndani ya banda, kwenye kile chakula kilichojaa na wale bata waliosimama. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Kama haina kazi, itakula mwenzake." Akanigeukia mimi. "Na mimi, Mama Ekal, kwa ile chumba sina mwenzangu. Najikula mimi mwenyewe."

Mwanangu, maneno hayo yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Nilisimama pale na bata wangu, damu yake ikinichafua leso, nikalia. Ata hakunibembeleza. Alirudi ndani na mimi nikadhani amekasirika. Kumbe amefuata fimbo nyuma ya mlango.

Akawafungulia bata, akapiga mluzi ule wa mbuzi, akawatoa kwenda malishoni. Nisikudanganye kwamba alijua kuchunga bata. Hakujua kabisa. Mbuzi wakisikia mluzi hufuatana, bata walitawanyika kila mmoja na njia yake, na wawili wakaingia moja kwa moja jikoni kwa Mama Halima alipokuwa anapika anjera, zile chapati zao za maji. Nilisikia sufuria ikianguka.

"Salaam aleikum, Ata," Mama Halima akatoka akisema huku ameshika bata mmoja shingo na mmoja bawa, anacheka mpaka machozi. "Mbuzi yako imekuwa fupi sana."

"Ni ukame," Ata akamjibu.

Nilikuwa sijamsikia akitania tangu aje mjini. Wakaenda wote mpaka kwenye maji ya bomba, Ata nyuma, bata mbele, blanketi linapepea, na watu wa mtaa wamesimama milangoni wakiwatazama. Mimi nikiwa mke kijana niliona aibu kidogo, nilifikiri watasema mama wa fulani ameachwa achunge bata kama mtoto. Kweli walisema, na maneno yakamfikia baba mkwe wako kazini kabla ya saa sita.

Jioni alimwambia, "Mama, watu wanasema unachunga bata."

"Mbuzi iko wapi?"

"Hakuna mbuzi, mama."

"Basi," akasema Ata. Kisha akanitazama. "Leo nimetembea. Leta ugali."

Alikula. Hakumaliza, lakini alikula, na baba mkwe wako akatoka nje akajifanya anaangalia kama lango limefungwa. Nilimwacha huko alie peke yake.

Sasa bata wako. Siku za upepo mkali zaidi haikuwezekana kutoka, na hapo ndipo Ata alipoanza kuwatafutia kazi ndani ya ua. Alinieleza kwamba majani yakiwa machache kule nyikani, walikata matawi ya mgunga wakayafunga juu kidogo ya boma, ili mbuzi asimame kwa miguu ya nyuma ayavute mwenyewe. Bata hawezi kusimama hivyo. Kwa hiyo alilifunga fungu la sukuma wiki kwa kamba, akalining'iniza juu kidogo tu ya vichwa vyao. Usiliweke juu sana, bata akiruka ruka kwa uzito wake anaumia miguu. Walinyoosha shingo, wakavuta, fungu likayumba likawapiga usoni, wakalirudia tena. Asubuhi nzima ikaisha hivyo, na hakuna aliyekumbuka mgongo wa mwenzake.

Chakula usiwajazie chomboni. Mwaga chenga za mahindi katikati ya nyasi kavu wazitafute wenyewe, watazifukua mpaka jioni. Wape karai la maji hata kukiwa na baridi, maana bata haogopi maji, anaogopa kulala palipolowa. Tupia humo vipande vya kabichi vielee wavikimbize. Lakini liweke karai mbali na mahali pao pa kulala, na nyasi ukizikuta zimelowa zitoe. Jembe nalo lipitishe kwenye ile kona ya ua yenye udongo mzito, ugeuze kidogo kidogo kila siku. Minyoo yote ya Chechelesi itakwisha humo. Upepo ukitulia mchana wafungulie watembee, hata kama ni mpaka langoni na kurudi.

Yule aliyeumia mtenge, ila asiwe mbali. Mimi wangu nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamwekea wavu katikati ili awaone wenzake na wamwone. Manyoya yaliota tena, meupe kuliko ya kwanza. Ata alimpa jina la mbuzi wake wa zamani, na yule bata alikuwa akiitwa anakuja, sijui walielewana vipi.

Ata aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo. Nilimrudishia kisu chake, nikamwachia moto wa jikoni, na chai yake ilikuwa na moshi lakini tuliinywa. Alimfunza mume wako kutembea kwa kumpeleka nyuma ya bata. Alipofariki ilikuwa Julai tena, usingizini, na nilipotoka uani asubuhi hiyo niliikuta sukuma wiki imeshafungwa kwenye kamba. Aliifunga jioni kabla ya kulala, ili bata wakiamka waikute. Niliacha waile. Niliketi kwenye kile kiti chake nikawatazama mpaka majirani walipoanza kuingia.

Sasa mwanangu, nimekujibu la bata, na umenielewa, maana umeanza kuikunja kunja hiyo leso. Lakini niseme mpaka mwisho, nisije nikalala nalo.

Tangu uje nyumbani humu, ufagio ukiniona unakimbia. Nikiinuka kuosha kikombe changu unanipokea kikombe. Umeninunulia sweta, umenitafutia kiti cha plastiki chenye mto, ukakipanga pale ukutani ambapo upepo haufiki, na wageni wako wote wananiambia nimebarikiwa. Ni kweli nimebarikiwa. Najua unafanya hivyo kwa mapenzi, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, kwa mapenzi hayo hayo, na nusura nimzike mama wa watu. Wiki iliyopita nilianza kuhesabu mabati ya paa nikiwa nimelala mchana. Chakula chako ni kitamu, na umeona kinarudi nusu. Usinipeleke hospitali kwanza. Mimi nimeanza kujinyonyoa, Makena.

Nasaha yangu ni hiyo, kwako na kwa yeyote mwenye kiumbe chini ya paa lake, awe bata, awe mtoto, awe mzee kama mimi. Kumlisha na kumkinga na baridi ni mwanzo tu wa kumtunza. Ukishamshibisha, jiulize swali la Ata, anafanya nini akishiba. Usimpokonye mtu kazi yake kwa sababu anaifanya polepole. Mpe kamba, mpe jani, mpe kitu cha kunyooshea shingo, na uvumilie akikifanya vibaya, kwa maana hata Ata alianza kwa kuwaingiza bata jikoni kwa watu. Na ukiona wanaumizana ndani ya nyumba, kabla ya kuwagombeza angalia kama hawajafungiwa muda mrefu mno.

Kwa hiyo kesho sukuma wiki niachie mimi. Nyuma ya mlango wa chumba changu kuna fimbo ambayo umekuwa ukiifuta vumbi bila kuuliza ni ya nani. Kukiwa na jua nitawatoa bata mpaka kwenye bomba. Majirani watacheka, na kama ukiona aibu, mimi niliiona kabla yako na haikuniua. Kile kiti chenye mto mpe mgeni.

Mungu akulinde, mwanangu, na mume wako, na huyo mtoto unayedhani sijajua kwamba yuko njiani. Awape nyumba isiyopitisha upepo na mlango usiokaa umefungwa. Na siku utakapozeeka akupe mke wa mtoto mwenye moyo kama wako, atakayekuletea chai ya moto asubuhi, halafu akuulize, "Mama, leo tunafanya nini?"