Nilirekebisha Kimyakimya

Mimi nachora bodi za saketi kwa kompyuta, hapa Katoro, na kitu nilichojivunia kuliko vyote ni maktaba yangu ya vipuri. Kila kipuri cha bodi lazima kwanza kiwe na mchoro wake ndani ya programu: jina, umbo, na mguu upi unaingia tundu lipi. Ukikosea hapo, kiwanda kitakutengenezea kosa lako vilevile. Kuna wenzangu waliokuwa wakipakua michoro ya watu mtandaoni bila kuikagua. Niliwacheka sana. Na mimi nilikuwa nimepakua, sema sikumwambia mtu.

Bodi zenyewe zilikuwa za kuwasha pampu maji yanapopanda ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji. Mimi nachora, kiwanda cha nje kinatengeneza bodi tupu, halafu dada mmoja fundi redio, jirani yangu wa kibanda, analehemu vipuri. Si dada wa tumbo moja. Kanizidi miaka mingi, namwamkia shikamoo. Bodi za mwanzo zilifanya kazi vizuri hata tajiri mwenye maduara akamkabidhi dada funguo za pampu zake zote azihudumie. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Siku moja, nikiipanga maktaba, nikafungua karatasi ya maelezo ya transista ninayoitumia, kile kipuri cha miguu mitatu kinachowasha pampu. Lo! Kwenye mchoro wangu miguu miwili ilikuwa imebadilishana nafasi. Kwa mchoro ule hata bodi moja isingewasha pampu. Sasa mbona zinawasha? Mtu mwenye akili zake angetoka pale akamuulize fundi. Mimi niliona aibu. Nikarekebisha, nikaagiza bodi nyingine, na hata namba ya toleo sikuigusa, asije mtu akajua palikuwa na kosa.

Zilipofika, dada akalehemu vipuri, akataka kuzijaribu kwanza mezani.

"Dada, tajiri anasubiri," nikamharakisha. "Ni zilezile."

Akaenda kuzifunga bila kuzijaribu. Pampu hazikuwaka. Maduara yakajaa maji, wachimbaji wakakaa juu hawana la kufanya, na tajiri akaja kibandani kwa dada na bodi zile, amefura. Nilikuwepo.

"Nimelehemu kama siku zote," dada akamwambia.

Nikaokota bodi moja. Miguu miwili ya transista ilikuwa imepishanishwa, mmoja umevishwa ganda la waya usigusane na mwenzake. Kazi safi. Nikaelewa palepale: tangu bodi ya kwanza, dada alikuwa akilisahihisha kosa langu kwa koleo, na sasa alikuwa amepindua mchoro uliokwishanyooka.

Tajiri akanigeukia. "Injinia, mchoro wako una kosa?"

"Mchoro uko sahihi," nikasema.

Sikudanganya hata neno, na sijawahi kusema jambo la aibu kama lile. Tajiri akamtaka dada arudishe funguo za pampu. Dada akaniangalia mara moja tu, akaanza kuzitafuta mezani.

Tajiri alipoondoka, dada akaniuliza taratibu, "Uliurekebisha?"

"Ndiyo, dada."

"Si ungeniambia tu, mdogo wangu."

Badala ya kuomba radhi nikapandisha sauti, jamani, mimi! "Na wewe mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Siku ya bodi ya kwanza ulikuwa na tajiri hapa, unamsifia maktaba yako," akasema. "Ningekuumbua mbele yake, angekupa kazi?"

Nilitoka bila kuaga.

Kwa tajiri nilikwenda siku ya nne. Siku tatu zote nilijidai nina shughuli. Nikamweleza kila kitu, kwamba kosa lilikuwa langu na dada ndiye aliyekuwa akinisitiri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema fundi mwingine ameshapatikana, mambo yameisha, na kwa kuwa mchoro sasa uko sahihi, nimletee bodi nyingine kumi.

Nikamletea.