Zimwi Aliyekaribisha Mara Moja Tu

Verlyn Gunderson hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo kwanza. Alikuwa mtu wa kufuata kitabu neno kwa neno. Majira ya baridi aliendesha gari la wilaya la kukwangua theluji, na pale mpaka wa wilaya unapopita katikati ya daraja, yeye aliinua sepetu la gari palepale, akageuza gari, akaenda zake. Nusu ya pili si yake, wenyewe watajijua. Watu wa mji wetu, Chippewa Falls, walimlaani kimoyomoyo huku wakimpungia mkono, maana kwetu huko hatujui kulaani kwa mdomo.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mchezo wa kuigiza mezani uone. Mchezo wenyewe ni hivi: mmoja anashika kitabu cha safari na kuwa kiongozi, wenzake wanajifanya mashujaa, wanasema wanachofanya, halafu dadu zinaamua kama wamefaulu au wameumia. Verlyn alikishika kitabu tangu walipokuwa vijana wa chunusi, na hakumwachia mtu. Wachezaji wake walikuwa Dwight, muuza matairi, ambaye lazima awe kibete mwenye shoka. Kou, mkwe wake Dwight, mfamasia mpole. Na Marlys Tollefson, jirani, dereva mstaafu wa basi la shule, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Mashujaa wa watu hawa walikufa kama kuku wa sikukuu. Kibete mmoja wa Dwight alikufa kisimani kwa sababu Dwight alisema anateremka kwa kamba, lakini hakusema ameifunga. Verlyn akamuuliza ameifunga wapi. Dwight akajibu kwamba hilo si linajulikana tu? Halijulikani, kitabu hakisemi. Basi kibete akateremka kweli, na kamba yake mkononi.

Ndipo Januari ile, Marlys akamkuta Verlyn nje, kila mmoja na koleo lake la theluji, akamwambia kwamba akina mama wa kanisani wana kikundi cha kushona mablanketi ya viraka kila Jumapili mchana, saa ileile ya mchezo, na anafikiria, labda, hana hakika, kwamba angeweza kujiunga nao. Mchezo wa mara ya mwisho, alisema, ulikuwa tofauti.

Tofauti! Kwetu mtu akionja saladi yako akasema ni tofauti, unaimwaga usiku huohuo na bakuli lake. Verlyn aliinamia koleo akasema, "Sawa, kama ndivyo unavyopenda." Akaingia ndani, akapiga hesabu. Bila Marlys hakuna meza. Dwight anakuja kwa sababu Marlys anakuja, na Kou anakuja kwa sababu gari ni la Dwight. Zaidi ya hapo, Verlyn alimpenda yule mama, si kwa mambo ya posa, ila Jumapili bila sauti yake ilikuwa Jumatatu iliyowahi.

Marlys alikuwa ameahidi jambo moja tu: angekuja kujaribu kitabu kipya cha safari alichokuwa amekiagiza Verlyn, kisha angeona.

Kitabu chenyewe kiliitwa Karamu ya Bibi Mifupa, kimetoka kiwandani juzijuzi, bado kinanuka wino. Verlyn alikisomea ndani ya gari la theluji akisubiri theluji. Alisisimka, usimwone vile. Jalada lilikuwa na zimwi la kike limevaa aproni, macho mekundu, mwiko mkononi. Ramani ilikunjuka mpaka ikafunika usukani. Vyumba vilikuwa vimepangwa vizuri, mitego ina akili, ila mwandishi alikuwa na mapenzi makubwa mno na popo. Kila kona popo. Na maandishi ya pembeni yalikuwa madogo kama ya chupa ya dawa. Hata hivyo Verlyn alifika mwisho, akarudi mwanzo, akajiambia kwamba hiki ndicho. Marlys akikichukia hiki, basi amechoka na sisi, si na mchezo. Kuhusu mwandishi aliona tu kwamba anaishi mbali, pwani ya mashariki, kule watu wanakosema wanachomaanisha. Hakulitilia maanani.

Jumapili ikafika, wakatoka kanisani, wakashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Verlyn, karibu na tanuri la kupashia nyumba joto. Marlys alileta saladi yake ya jeli ya kijani yenye karoti ndani. Dwight alileta soseji zilizochemshwa kwenye bia. Wakakaa, Verlyn akasafisha koo, akawasomea habari za msitu, ukungu, popo, popo tena, halafu nyumba yenye moshi wa mchuzi. Marlys alisogeza kiti mbele. Verlyn aliliona hilo, akageuza ukurasa haraka.

Mlango ukafunguka. Bibi Mifupa akatokea na aproni yake. Verlyn akasoma kwa sauti nzito kama kitabu kilivyoagiza:

"Wageni wangu, karibuni mle."

Kou, ambaye shujaa wake alikuwa padri, akasema aah, asijisumbue, walishakula njiani. Dwight akasema hata yeye yuko sawa tu, wala asipate taabu. Marlys, kwa sauti ya mchawi wake, akasema kunanukia vizuri jamani, lakini wao ni wa kupita tu.

Verlyn akateremsha macho kwenye yale maandishi madogo. Yaliandikwa hivi: bibi hukaribisha mara moja. Mgeni akikataa, bibi anajua ni adui, anamla. Hakuna dadu.

Hawa watu hawakukataa! Kila mtu wa kwetu anajua: kukataa kwa kwanza maana yake nimesikia, kwa pili maana yake naona njaa, na kwa tatu sahani iko mkononi tayari. Anayekubali mara ya kwanza amelelewa na mbwa. Yule bwana wa pwani ya mashariki alikuwa ametega mtego wa mashujaa jeuri, na mtego umewanasa wenye adabu. Chumba cha kwanza, mlangoni, na jeli ya Marlys haijakatwa.

"Mna uhakika?" aliuliza.

Kwa wenye akili, kiongozi akiuliza vile ni kengele ya hatari. Lakini wale walikuwa wameshanogewa na adabu. Marlys akasema labda wangesaidia kuosha vyombo.

Verlyn alitazama kitabu. Akamtazama Marlys, ambaye alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Miaka yote ile hakuwahi kumhurumia mtu, hata kibete kisimani. Akakifunga kitabu kidole kikiwa ndani, akasema kwa sauti ambayo haikuwa nzito hata kidogo, "Jamani, kidogo tu. Nimepika sufuria nzima, nani atakula?"

Wakakataa tena. Akawabembeleza tena, akasema watamvunja moyo. Hapo Marlys akasema haya basi, kijiko kimoja, na mashujaa wakaingia, wakala, wakafukuzana na popo, wakamfungia zimwi kwenye stoo yake mwenyewe, na Marlys akacheka mpaka akaegemea tanuri akaungua kiwiko. Hakuna aliyekufa. Kou alilazimika kuuliza kama mchezo umebadilishwa.

Walipopumzika wale, Dwight akakivuta kitabu aone picha. Dwight husoma midomo ikicheza. Midomo ikasimama.

"Hapa pameandikwa anakaribisha mara moja," alisema. "Anatula."

Tanuri likanguruma.

"Verlyn, kibete wangu. Kamba, Verlyn."

Verlyn angeweza kusema amekosea kusoma. Badala yake likamtoka lile ambalo mtu wa kwetu halisemi hata akiwa kitandani hospitali. "Sikutaka Marlys aondoke," alisema.

Mungu wangu, aibu iliyoingia chumba kile! Kou akainuka kukagua tanuri, na hajui chochote kuhusu tanuri. Dwight akaanza kuisoma chupa ya haradali. Marlys alikuwa mwekundu mpaka shingoni, anazungusha dadu mkononi.

"Wale wa mablanketi waliniita," alisema mwishowe. "Nikawaambia aah, nisiwasumbue. Wakasema haya, wakakata simu." Akaiweka dadu mezani. "Na wewe pale nje nilikwambia naondoka. Ukasema sawa."

Verlyn akaliona kosa lake. Alikuwa amesimama pale na koleo lake, mtu mzima, mzaliwa wa hapa, akapokea neno la kwanza kama mgeni aliyeshuka jana.

"Usiende, Marlys," alisema.

"Aah, mimi ni mzigo tu. Kiti hiki mngempa mtu mwingine."

"Hatuna mtu mwingine. Kaa."

"Sijui. Tutaona."

"Kaa bwana," Dwight akadakia, mdomo umejaa soseji, "usimfanye mwenzako alie, kibete wangu hata hakumlilia."

Marlys alipangusa pua kwa kitambaa cha karatasi, akajivuta na kiti mpaka tumbo likagusa meza.

"Haya," alisema, "lakini nikae kidogo tu." Akamwambia Verlyn afungue ukurasa unaofuata.